Jina la Pembeni

Mimi ni mzaliwa wa Kolwezi, mtoto wa fundi wa kampuni ya migodi ya Gécamines, mjukuu wa mchimbaji wa Union Minière. Nafundisha shule ya msingi, nina watoto, na mume wangu amekwisha kutangulia. Ushuhuda huu ni juu ya mwanamke mmoja ambaye karibu maisha yangu yote nilimjua kwa maneno matatu tu: alikimbia na treni.

Ndiye aliyemzaa baba yangu. Nkambo, yaani nyanya, tuliyekua mikononi mwake, aliyetupikia bukari na kutuchapa tulipokosa adabu, alikuwa mke wa mdogo wake babu. Huyo mwingine hakuwa na picha ukutani wala misa ya kumwombea. Hadithi zake hazikusimuliwa jioni. Tukiuliza, wakubwa walijibu mara moja: "Ule mama alikimbiaka na treni. Achana naye." Mwanamume gani alimfuata, hilo lilibadilika kulingana na msimulizi: mara dereva wa gari moshi, mara mfanyabiashara wa Angola. Treni tu ndiyo haikubadilika. Baba mwenyewe hakujibu lolote. Alikuwa anainuka, anaenda uani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Sikuanza kumtafuta kwa sababu ya upendo. Nilikuwa natafuta karatasi za lupango, kiwanja cha nyumba yetu.

Mtu wa Kolwezi ataelewa. Lupango hapa kwetu si mahali pa kulaza ubavu tu. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kwamba wamekaa juu ya kobalti, wakaanza kuchimba uani, kisha vyumbani, mashimo yakishuka chini ya vitanda. Tangu hapo hakuna anayetazama kiwanja cha mwenzake kwa jicho la zamani. Basi matanga ya mume wangu yalipokwisha, ndugu zake walikuja wakakaa sebuleni, wakasema kwa adabu kabisa kwamba lupango ni wa ukoo wao, mimi bado nina nguvu, nirudi kwetu.

Kwetu wapi? Nimezaliwa hospitali ya hapa. Walimaanisha Sandoa, alikotoka babu, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nikakumbuka kuwa mume wangu aliwahi kumpa baba bahasha ya karatasi za nyumba amtunzie. Baba naye alikuwa ameshafariki, ila sanduku lake la chuma lilikuwepo bado kwa mdogo wangu. Nikalifungua nikitafuta bahasha hiyo, na nikaipata. Lakini chini yake palikuwa na karatasi nyingine.

Palikuwa na buku ya babu, ile ya utambulisho wa wakati wa Wabelgiji, majalada yameliwa na mende. Palikuwa na kadi ya kazi yenye namba ya matrikule, mgodi wa Musonoi. Palikuwa pia na karatasi ya ubatizo wa baba, 1946, imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa matundu. Jina la baba mzazi: babu. Jina la mama mzazi: nikasoma, nikarudia kusoma. Lilikuwa jina langu.

Sitaliandika hapa, maana ukoo wangu una watu wengi na si wote waliokubali haya yaandikwe. Ila lazima nieleze lilivyonifikia. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kizungu yalikatazwa. Katanga ilikuwa imekuwa Shaba, Kongo imekuwa Zaire, na kila mtu alitakiwa ajitafutie jina la mababu la kujaza pale ambapo palikuwa na Joseph au Marie. Watu walikwenda kwa wazee kuuliza majina. Wengine walichukua la babu, wengine la chifu wa kwao. Baba yangu, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa ameanza kazi karakana, alichukua jina ambalo sote tuliambiwa ni la mto au kilima cha Sandoa. Nilipozaliwa akanipa mimi. Nimeitikia jina hilo darasani, nimelisaini kwenye cheti changu cha ualimu, nimelibeba kwenye kadi ya mpiga kura. Kumbe ni la yule aliyekimbia.

Mtu aliyekimbiwa na mama yake hachukui jina lake siku ambayo serikali inamruhusu kuchagua jina lolote. Jambo hilo lilinikalia rohoni, nikaona kwamba ama baba alikuwa na akili ya ajabu, ama habari tuliyopewa ilikuwa na pengo.

Ili pengo hilo lieleweke, inabidi nieleze tulivyokuwa tukijihesabu. Katanga yetu ina usemi kila mtu anaujua: kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameuandikia sana usemi huo, na hakuutoa hewani. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na miaka ya kwanza ilileta wanaume kwa mikataba ya miezi michache, wachimbe na kurudi. Wengi hawakurudi, nimonia na kuhara viliwamaliza kambini. Kuanzia 1928 ikageuza mwendo. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, na mwanamume akahimizwa aje na mke. Kolwezi ilizaliwa 1937 ndani ya mpango huo huo: nyumba za safu, dispensari, shule, kituo cha kuwafundisha wanawake kushona, na posho kila juma, unga na mafuta na chumvi na nyama, kwa kipimo cha watu walioandikwa kwenye kadi ya mfanyakazi.

Walioandikwa. Kila kitu kilikaa juu ya neno hilo. Mwanamume alikuwa na matrikule, mke na watoto walikuwa mistari chini ya matrikule hiyo. Mwanamume akifa au akiacha kazi, mistari yote ilifutwa pamoja naye, na nyumba ikapewa mwenye namba nyingine. Sisi wajukuu tulirithi hesabu hiyo bila kujua. Tukiulizwa historia ya familia tulianza na babu alivyoajiriwa, tukaendelea na mdogo wake alivyoajiriwa, kisha baba. Asiyekuwa na namba hakuwa na mahali pa kukaa ndani ya simulizi.

Kanisa lakini lilikuwa na vitabu vyake, na vitabu hivyo havikufuata matrikule. Nikaenda parokiani.

Kwa wanaotaka kufuatilia watu wao, nitaeleza kidogo jinsi kitabu cha ubatizo kinavyosomwa, kwa sababu mimi nilidhani nitaona jina na tarehe basi. Kila ubatizo una namba yake. Kuna jina la mbatizwa, la baba, la mama, kijiji, na jina la baba au mama wa ubatizo. Kwa mtu mzima wa wakati ule, mwaka wa kuzaliwa hutanguliwa na neno la Kifaransa la kukadiria. Padri alimtazama mtu usoni akaandika "karibu 1926". Majina yanabadilika tahajia kila padri mpya anapofika, basi usitafute kwa herufi, tafuta kwa sauti, ukisoma kwa midomo. Miji nayo ina majina mawili: ukikuta Jadotville ujue ni Likasi, ukikuta Elisabethville ujue ni Lubumbashi. Halafu kuna pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa Katoliki inadai kwamba mtu akifunga ndoa, popote alipo, parokia ya ndoa ipeleke taarifa kwenye parokia aliyobatizwa, nao waiandike pembeni mwa jina lake. Ukurasa wa ubatizo wa mtu unaendelea kuandikwa muda mrefu baada ya maji kukauka kichwani pake.

Nilimkuta 1945, amebatizwa majuma machache kabla ya harusi. Kijiji chake kilikuwa upande wa Sandoa, sawa na babu. Pembeni, kwa wino mwingine: ndoa na babu yangu, mwaka huo huo. Chini ya hapo pakavu.

Katibu wa parokia, mzee aliyesoma vitabu hivyo maisha yake yote, aliweka kidole pale pakavu. Alisema: "Kama angeolewa tena kanisani, iwe hapa, iwe Dilolo, iwe ng'ambo Angola, tungeletewa habari. Hatukuletewa." Nikamjibu kwamba angeweza kuishi na mwanamume bila ndoa. Akacheka. "Ndiyo. Basi tazama safu nyingine." Akanionyesha safu ambayo sikuwa nimeitazama hata kidogo, ya mama wa ubatizo.

Tulisoma safu hiyo asubuhi nzima, yeye ukurasa wa kushoto, mimi wa kulia. Jina lake, jina langu, lilitokea 1953. Likatokea tena 1954, mtoto wa kike. Likatokea 1957, mapacha, na yeye amesimamia mmoja. Likatokea hata Januari 1963, mwezi ule ambao askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi na Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ikafika mwisho. Mji ulikuwa umejaa hofu, na bado kuna mama aliyempeleka kichanga kubatizwa na kuna mwanamke aliyemshika mkononi. Makazi yaliyoandikwa ni Manika, mtaa uliokuwa nje ya kambi za kampuni. Padri wa wakati ule hakumpokea kuwa mama wa ubatizo mwanamke anayeishi na bwana bila ndoa. Ukoo uliomsema amekimbilia Angola ulikuwa ukilala mahali ambapo ukitembea kwa miguu unafika Manika kabla ya jua kuwa kali.

Mmoja wa watoto hao wa ubatizo bado yupo. Ni mama mzee sasa, anauza mboga mbele ya nyumba yake, sombe na matembele, na macho yake yanaona vizuri kuliko yangu. Nilipomtajia jina langu hakuuliza mimi ni nani. Alisema: "Mwana, ulikawia."

Yeye ndiye aliyenipa mengine yote. Alikuwa na bahasha ya kaki aliyoachiwa, pamoja na cherehani. Nitaeleza kilichokuwemo, kwa sababu maisha ya nkambo huyu wa damu yalikuwa katika karatasi za aina tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya baraza la mji, lile la wenyeji lililokuwa likiamua mashauri ya ndoa na mahari, ya 1952. Babu alikufa 1951 kwa ugonjwa. Kwa desturi ya kwetu mjane alirithiwa na mdogo wa marehemu, na mdogo huyo, yule niliyemwita nkambo mwanamume tangu utoto wangu, alikuwa tayari kumchukua awe mke wa pili. Nkambo alikataa. Mjane akikataa kurithiwa, watu wake lazima warudishe mali. Kwa hiyo alipanda treni. Reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, iliyokamilika 1931, inapita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji. Alishuka huko, akaenda kwa kaka zake Sandoa, akawaomba warudishe mahari ya dada yao. Karatasi ilisema mali imerudishwa, shauri limekwisha, mwanamke yuko huru. Na kwa kuwa shauri lilisikilizwa Kolwezi, mwenyewe alikuwa amesimama hapa Kolwezi likisomwa. Ukoo wetu ulihifadhi safari ya kwenda ukatupa ya kurudi.

Nikamwuliza yule mama, na mtoto je? Kwa nini alimwacha baba yangu kambini?

Aliniangalia kama mtu asiyejua bei ya chumvi. "Shi mutoto alikuwa kwa kadi ya mudogo ya bwana yake! Kule kulikuwa posho, kulikuwa masomo, kulikuwa munganga. Mu Manika kulikuwa nini? Ye alikuwa muntu hana kadi."

Nilinyamaza. Miaka yote tuliuliza swali lile lile, mama gani anayemwacha mtoto wa miaka mitano, na jibu lilikuwa katika kadi ya posho. Angemchukua, mtoto angefutwa. Unga wake ungefutwa, dawati lake, sindano zake. Alimwacha palipoandikwa jina lake.

Karatasi ya pili ilikuwa rundo la stakabadhi, zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Za kodi. Katika miji mingi ya Kongo ya Kibelgiji mwanamke mtu mzima aliyeishi bila mume alitozwa kodi yake peke yake, na Kifaransa cha ofisi kilimweleza kwa maneno ya kejeli, kama mwanamke anayedhaniwa kuishi peke yake. Kila mtu alijua kilichodhaniwa. Hata nje ya Kongo, Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, wanawake Waislamu waliandikiwa kodi hiyo wakaipinga hadharani katika miaka ya 1950, wakisema imewaweka wajane na wacha Mungu katika fungu moja na malaya. Nkambo alilipa. Nilizipanga mezani kwa mpangilio wa miaka. Zilikuwa za rangi ya waridi iliyofifia, kila moja na muhuri wa buluu umepigwa upande, na kwenye ya 1956 muhuri umepigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukushika wino. Pale pa saini kuna alama ya dole gumba. Mistari ya dole ilikuwa wazi kabisa, isipokuwa katikati ambapo kovu dogo limeikata. Yule mama alisema ni sindano ya cherehani, siku aliposhona usiku bila taa ya kutosha.

Zile stakabadhi za aibu ndizo zilizomtetea. Mwaka baada ya mwaka zinasema: alikuwa hapa, alikuwa na anwani, alikuwa na pesa yake mwenyewe. Mtu aliyetoroka hapangi foleni kulipa kodi.

Ya tatu ilikuwa cheti cha ushonaji alichokipata akiwa bado mke wa kambini. Aliishi kwa mambo mawili, kushona na munkoyo. Munkoyo ulitoka kabla ya alfajiri: uji wa mahindi umepikwa jana yake, ukapoa, ukatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na usiku huo huo uji mzito ukalegea ukawa maji matamu ya kunywa. Wanaume wa zamu ya asubuhi walipita wakanywa kikombe wakielekea mgodini. Mchana alishona. Yule mama aliniambia kwamba alishona kaputula za kaki za watoto wa kambi kwa bei ya wote, ila kulikuwa na moja kila mwaka ambayo hakuitoza kitu, akaituma kupitia kwa mke wa katekista bila kusema imetoka kwa nani. Baba, alisema, alijua. Tangu alipokuwa darasa la tatu alijua, kwa sababu mfuko wa nyuma wa kaputula hiyo ulishonwa mara mbili, na za wenzake mara moja.

Alifariki 1969. Watu wa Manika walimzika. Baba alikuwepo, amesimama nyuma, na miaka mitatu baadaye sheria ya majina ikampa nafasi ya kusema alichoshindwa kusema mezani kwa baba yake mdogo.

Sitaki kumgeuza yule babu mdogo kuwa shetani wa hadithi. Alimlisha baba yangu, alimpeleka shule, alimfanyia harusi. Yeye na mkewe walikuwa watu wa Jamaa, mwendo ule wa ndoa na umoja ulioanzishwa na Padri Placide Tempels alipokuwa Ruwe, pembeni mwa Kolwezi, tangu 1953. Njia zake zilipitiwa na mume na mke pamoja, na kwa watu waliofunzwa kuona utakatifu wa wawili, mwanamke aliyechagua kubaki mmoja ilikuwa vigumu kumweleza. Aibu ya kukataliwa ikakamilisha mengine. Treni ikawa maelezo mafupi kuliko yote.

Sasa nieleze kilichobadilika, maana ushuhuda bila matunda ni maneno.

Kwanza, sikuondoka kwenye lupango. Kabla ya karatasi hizi nilikuwa nimeanza kufunga vyombo. Moyoni nilikuwa nimekubali kwamba mwanamke asiye na mume ni mgeni popote isipokuwa kijijini kwao, hata kama hajawahi kukiona. Nkambo aliambiwa maneno yale yale 1951, na wakati huo hakuwa na sheria ya kushika. Mimi ninayo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema watoto wa marehemu ni warithi wa kwanza, na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Marekebisho hayo ya 2016 yaliondoa pia ruhusa ya mume ambayo mke alihitaji kabla ya kutia saini jambo lolote la maana. Nilikwenda na mwanasheria na chifu wa kartie, nikaweka karatasi mezani mbele ya mashemeji. Sikuwatukana. Niliwaambia watoto wa ndugu yao watalala kwenye nyumba ya baba yao, na mimi nitalala nao. Tuliandikiana. Mmoja bado hanisalimii. Wengine huja kula sikukuu.

Pili, niliita ukoo wote, watoto na wajukuu, wa mama huyu na wa yule, nikasoma karatasi kwa sauti. Mkubwa wetu, mtoto wa yule babu mdogo, alikasirika. Alisema nafufua maneno ya marehemu ili nimchafue baba yake. Nikampa kitabu cha ubatizo nilichonakili, kwa sababu hasira inahitaji kitu cha kushika. Alikisoma kimya, akafika 1957, kwa wale mapacha, akauliza kwa sauti nyingine: "Huyu si ni bibi yangu?" Ndiye. Mke wake alisimamiwa ubatizo na mwanamke ambaye yeye alikuwa anamkana. Mwaka huo aliandika nia ya misa kwa jina la nkambo, na sadaka alitoa mwenyewe.

Tatu, nimeanza kuandika. Mwaka 1965 kule Elisabethville mtu mmoja aitwaye André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboi wa nyumba za Wazungu, alipiga mashine historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, bila kungoja msomi. Baadaye mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha na kuitafsiri, na leo wataalamu wa dunia nzima wanaisoma. Watu walioitwa kwa kengele waliandika mji uliowaita kwa kengele. Nilipojua hilo nilinunua daftari kubwa. Naandika kwa Kiswahili chetu, jinsi tunavyoongea, mtu kwa mtu: alizaliwa karibu mwaka gani, nani alimsimamia ubatizo, alilipia nini, alifanya kazi gani ambayo haikuwa na namba. Wanafunzi wangu wa darasa la sita nao nimewapa kazi hiyo hiyo: kila mmoja amwulize mwanamke mzee kuliko wote nyumbani kwao, kisha aandike ukurasa mmoja. Wengi wanarudi wamekasirika kwamba walinyimwa mambo mazuri muda mrefu.

Mji wetu unabadilika kwa kasi. Mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wachimbaji inamegwa na migodi mipya, watu wanahamishwa, masanduku yanapotea njiani, na karatasi ikilowa mara moja imekwisha. Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, nakaa na yule katibu wa parokia kwenye benchi la nje, na watu huja na mifuko ya plastiki yenye buku za babu zao. Wajane huja zaidi. Tunasoma pamoja, tunapiga picha kwa simu, tunaandika nakala mbili, moja ya mwenyewe na moja ya parokia.

Karibu wote huanza kwa kutupa matrikule ya mwanamume. Tunaipokea, inasaidia. Halafu tunauliza nani alimshonea, nani alimsimamia, nani alilipa, na nani anasemwa kwamba alikimbia. Huyo wa mwisho ndiye tunayeanza naye.